Zamu za Kisima cha Mtandao

Bulla Pesa, Isiolo
12 Januari 2025

Kwa binti yangu Qabale,

Salaam aleikum. Natumai karatasi hii itakukuta mzima, na kwamba huko Nairobi watu wanalala, wanaamka, na wanakula kitu kingine mbali na chipsi. Huku kuna amani. Mbuzi ni wazima, mama yako Dokata ni mzima na ulimi wake ni mzima zaidi. Habibo wako anakua kama nyasi za baada ya mvua, ila nyasi hazijibu watu wazima.

Usiulize kwa nini sikupiga simu. Kwa simu wewe hunikata nikiwa katikati. Karatasi haikatwi. Nampa mtu wa vifurushi pale stendi, pamoja na nyama kavu ya ngamia ya mama yako. Ukikataa barua, na nyama utakuwa umeikataa.

Uliniambia kampuni yenu, hiyo inayojibu wazungu waliopotelewa na masanduku uwanja wa ndege, inafunga ofisi, na kila mtu atafanyia kazi kwake. Ukasema anayetaka kuhamia nje ya Nairobi lazima kwanza apimwe: mtandao wake, kompyuta yake, mpaka stima yake. Halafu ukasema, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mwezini, "Lakini hapo kwetu, Aba, haiwezekani."

Nilinyamaza. Mama yako husema nikinyamaza watu wafunge milango.

Qabale, Habibo ana miaka sita, na tangu ndoa yako ivunjike amelala kwenye mkeka wetu. Juzi mwalimu alimwuliza mama yake anaishi wapi. Akajibu, "Kwa simu." Watoto wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Mimi pia sikucheka, na unajua mimi hucheka hata matangani.

Kwa hivyo nimeamua. Kile chumba cha mabati ninachoweka chumvi ya mifugo kitakuwa ofisi yako. Na kompyuta nimeshanunua, kwa Gichunge, yule Mmeru wa kompyuta za mitumba karibu na soko. Mpya nilizikimbia, bei yake ni ya ngamia mwenye maziwa. Nikachagua iliyo na mwili. Nikamwambia aiwashe asubuhi aiache mpaka alasiri, nione kama itahema. Mnyama hanunuliwi akiwa amelala. Kweli, kufika adhuhuri ilikuwa inakoroma kama ng'ombe mwenye homa ya mapafu, nikapata neno la kushushia bei. Nikatupa shuka juu ya mikono yetu tukagusana vidole, jinsi madalali wa mifugo tunavyofanya sokoni ili bei isisikike na wapita njia. Gichunge akaniuliza, "Mzee, kwani unataka kuniposa?" Lakini tulielewana. Nilipata pia meza.

Niambie kinachobaki. Usiniambie haiwezekani, hilo nimeshalisikia.

Aba yako,
Boru Ganya

*

Kayole, Nairobi
26 Januari 2025

Kwako Aba,

Waaleikum salaam. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nyama ilifika, imeisha, na jirani yangu anauliza kama una binti mwingine. Mwambie mama asiwe anabeba maji na mgongo ule. Habibo mwambie nimempigia Jumapili mara mbili, simu ikawa imezimwa. Ni wewe ulikuwa unaisikilizia redio, najua.

Aba, umenichekesha na umenitia hofu. Hiyo mashine yenye mwili ni ya zamani. Inakoroma kwa sababu ya vumbi na kwa sababu imezeeka, sio homa. Lakini usinunue nyingine. Mwambie Gichunge aisafishe, aiongeze memori, na aitoe ile diski ya kuzunguka aweke ya kisasa isiyozunguka. Hayo mawili yataifanya kijana. Kioo cha mitumba kinatosha. Weka pesa kwenye vitu viwili ambavyo watu husahau: betri ya akiba, maana stima ya Isiolo tunaijua, na waya. Nataka waya utoke kwenye rauta mpaka kwenye kompyuta. Chumba ni cha mabati, na mabati huzuia mtandao wa hewani kama yanavyozuia mvua.

Kuna kampuni imepitisha laini ya mtandao kwenye nguzo za barabara yenu. Chukua kifurushi cha chini kabisa, kwa mtu mmoja anayefanya kazi kinatosha.

Nitakuja nipimwe tarehe 21 Februari. Wananipigia kwa video, napokea wateja wa kweli, wao wanaangalia. Nafasi ni mbili tu. Mwisho wa Aprili orodha inafungwa mpaka mwaka ujao, na ukikosa unabaki Nairobi.

Naomba kitu kimoja. Usimwambie Habibo. Nisimpe ahadi halafu nimnyang'anye.

Binti yako,
Qabale

*

Bulla Pesa, Isiolo
15 Februari 2025

Kwa binti yangu Qabale,

Salaam aleikum. Huku ni amani na vumbi, hali yako je? Kifua kile cha baridi kilipona? Mama yako anauliza, mimi naandika tu.

Habibo nilimwambia. Aliniuliza chumvi inahamia wapi, nami siwezi kumdanganya mtu mwenye swali zuri.

Sasa sikia. Kompyuta imesafishwa, Gichunge alitoa vumbi la kupandia mahindi. Memori imeingia, diski isiyozunguka imeingia, na mashine sasa inaamka kabla sijakaa kwenye kiti. Hainipendezi. Mnyama asiyetoa sauti hujui kama anaishi. Betri iko chini ya meza, na kuku hawaruhusiwi.

Waya hatujauchimbia bado, Gichunge alikwenda kwao mazishini. Amening'iniza rauta kwenye dirisha na anasema kwa sasa itashika.

Na laini ilifika. Vijana wawili walipanda nguzo, mtaa mzima ukatoka kuangalia, hata waliokuwa wagonjwa. Ephantus wa duka alifunga duka. Margaret, yule karani anayepanga hapo nyuma, alikuja na watoto wake. Ewoi aliegesha boda yake akasimama akishika kiuno. Wote wakanipongeza: "Mzee, umeleta maendeleo." Mama yako akawapa chai. Na mtu akishakunywa chai yako, anaomba neno la siri la mtandao, nawe utamwambia nini? Niliwapa. Ephantus aliandika mkononi kwa kalamu.

Njoo upimwe. Nimejiandaa kuliko mwanafunzi yeyote, mimi ambaye darasa la nne nililitoka kwa dirisha.

Aba yako,
Boru

*

Kayole, Nairobi
23 Februari 2025

Aba,

Salaam. Nilifika salama. Natumai nyote ni wazima.

Samahani niliondoka bila kula. Mama alikuwa ameshachinja, najua. Kama ningekaa ningelia mbele ya Habibo, na tayari alikuwa ameuliza mara tatu kama nimeshinda.

Ulinisikia pale ndani. Mteja anaongea, sauti inakatika, mimi nasema "halo, halo" kama mtu aliyeanguka shimoni. Wakanisimamisha kabla ya nusu. Ulisimama mlangoni ukaitukana ile kampuni ya laini, lakini laini haina kosa. Nilifungua rauta nikaangalia ni nani yuko ndani. Simu ishirini na tatu, Aba, saa kumi jioni. Ephantus alikuwa ameweka mpira dukani kwa wateja. Watoto wa Margaret wanaangalia katuni. Kuna simu iliyoandikwa Ewoi na nyingine Ewoi Mpya. Wengine hata siwajui, sidhani nawe unawajua.

Nimebaki na nafasi moja. Ni tarehe 28 Aprili. Badilisha neno la siri na usimpe mtu, hata akija na Kurani mkononi. Usipofanya hivyo sitakuja, kwa sababu sina moyo wa kushindwa mara ya pili mbele ya mtoto wangu.

Qabale

*

Bulla Pesa, Isiolo
27 Februari 2025

Kwa binti yangu,

Salaam aleikum. Hapa ni wazima. Mwezi mtukufu unabisha hodi, tusameheane mapema. Ile nyama uliyoiacha ililiwa na Ephantus, akaisifu.

Nimesoma barua yako, nikampa mama yako akaisoma, akaniangalia jinsi anavyomwangalia mbuzi aliyekula kanga yake. Kwa hivyo wewe umeshinda kesi nyumbani. Lakini nisikilize.

Babu yako Ganya alichimba kisima Korbesa, mikono yake ikawa kama kwato. Kilikuwa chake, jina lake. Siku watu wa mbali walipokuja na ng'ombe wanaotambaa kwa kiu, watu ambao mwaka uliotangulia walitupiga kwa fimbo, aliwaambia nini? "Birika la mifugo ni hilo." Mboran anaweza kukunyima binti, akakunyima hata salamu. Maji hakunyimi. Na mimi nimeshawapa. Unataka nitoke asubuhi niwaambie watoto wa Margaret, ambao wanasomea hapo masomo ya shule, kwamba birika limefungwa kwa sababu binti yangu amekuja kunywa peke yake? Utakaa nao vipi baada ya hapo? Habibo atacheza na nani?

Sitabadilisha neno la siri. Na wewe utarudi. Yote mawili yatakuwa. Bado sijui vipi, lakini sijawahi kujua vipi jambo lolote kabla ya kulifanya. Hata kukuzaa.

Aba yako,
Boru

*

Bulla Pesa, Isiolo
22 Machi 2025

Kwa binti yangu Qabale,

Salaam aleikum na Ramadhani karimu. Barua yangu ya Februari haikujibiwa. Nikasema labda mtu wa vifurushi aliila, mwezi huu watu wana njaa. Mama yako anasema haikuliwa, umekasirika tu. Sawa. Kasirika, lakini futuru.

Nimejua vipi.

Unakumbuka nilikueleza habari ya herega? Ni zamu za kisima. Kila kisima cha Boran kina aba herega, mzee wa zamu. Hafukuzi mtu. Anasema tu: leo wa fulani wanakunywa kwanza, kesho wa fulani, mgeni baada ya adhuhuri. Babu yako alitoa maji kwa kila mtu, ndiyo, lakini aliyeingiza ng'ombe wake nje ya zamu alilia. Mimi nilikumbuka nusu ya kwanza nikasahau ya pili. Wazee hukumbuka inayowapendeza.

Basi Jumamosi iliyopita niliwaita majirani wote wafuturu kwangu, Waislamu na Wakristo. Ephantus alikula tende kuliko waliofunga. Walipomaliza uji nikasema, "Nimewaita kwa ajili ya kisima."

Ephantus akaangalia mtungi. "Kisima gani, mzee?"

"Hicho mnachokunywa usiku na mchana bila kuona maji."

Margaret akaweka kikombe chini. "Mzee Boru, kama unataka tutoke, sema tutoke. Watoto wangu nitawanunulia bando."

"Hakuna anayetoka," nikamwambia. "Lakini ng'ombe wote wa Merti hawawezi kuingiza mdomo kwa birika moja saa moja. Binti yangu alikuja hapa mwezi jana. Mlimwona akipanda basi kabla ya chakula. Alikuwa na kiu, na sisi tulikuwa tumekunywa yote."

Nikawaeleza habari ya Habibo na ile "Kwa simu." Ewoi akainamisha kichwa. Kisha nikatoa zamu. Asubuhi saa mbili mpaka saa kumi na moja jioni ni za Qabale, siku za kazi. Kutoka hapo mpaka isha ni za wanaosoma. Baada ya isha ni za wapenda mpira na wapumbavu wengine.

"Na marudio ya mchana?" Ephantus akauliza. "Wateja wangu huja kwa sababu ya marudio."

"Ephantus, hayo mabao yalishaingia. Hayatatoka ukichelewa."

Akabisha kidogo, kwa ajili ya heshima yake. Anayekunywa nje ya zamu, kisimani hutozwa ng'ombe. Hapa atanunua sukari ya chai ya mtaa mzima. Ewoi akauliza kama simu yake ya pili inahesabiwa kuwa mtu. Nikasema ni ndama, inakunywa na mamake.

Halafu ikaja iliyonishinda mimi mwenyewe. Ni Margaret aliyeuliza, "Kisima chenu kikijaa matope, nani huyazoa?" Nikamwambia wote wanaokunywa hushuka. "Basi na sisi tushuke," akasema. Qabale, sikuwaomba, wallahi. Walichanga wenyewe pale kwenye mkeka, na kifurushi cha chini kabisa sasa ni cha juu yake. Mimi nalipa kama zamani, wao wanajaza.

Gichunge amerudi. Tumechimba mtaro kutoka dirishani mpaka ofisini kwako na kupitisha waya ndani ya mpira wa kumwagilia maji. Ameiambia rauta zamu zote, na saa ikifika inafunga mlango yenyewe. Nilimwuliza kama inaelewa herega. Akasema wanaiita kwa jina lingine, lakini inaelewa.

Sikuombi jibu. Nakwambia tu birika limesafishwa.

Aba yako,
Boru

*

Kayole, Nairobi
14 Aprili 2025

Kwako Aba,

Waaleikum salaam. Idi ilipita vizuri? Mimi niliswali na kulala. Natumai mama alipata ile kanga niliyomtumia, na kwamba mbuzi hajaionja.

Barua zako zote mbili zilifika. Ya kwanza niliikunja nikaitia chini ya godoro, nikailalia kwa hasira. Ya pili niliisoma kazini wakati wa mapumziko, na mwenzangu akaniuliza ni nani amefariki. Nikamwambia hakuna, ni baba yangu anagawa maji.

Bado naogopa. Mtu anaweza kukubali zamu mezani kwako na kuisahau siku ya mpira. Na orodha ikifungwa bila jina langu, mwenye nyumba hapa anataka nitie sahihi ya mwaka mzima. Ameshanipa karatasi.

Sijatia sahihi. Nakuja tarehe 27. Nitabeba begi moja tu, vingine naviacha mpaka nijue.

Binti yako,
Qabale

*

Bulla Pesa, Isiolo
29 Aprili 2025

Kwa Aba Boru, aliye Korbesa kwa Mzee Abdiladif,

Salaam aleikum. Wewe ni wa ajabu. Nashuka stendi na begi langu, naambiwa umepanda lori la mbuzi asubuhi hiyo hiyo kwenda Korbesa. Mama anasema mbuzi wenyewe hawakukuita. Natumai miguu haijakuvimba, na kwamba wa huko wana mvua. Namtuma dereva wa lori hilo hilo na karatasi hii, kwa sababu huko uliko hakuna mtandao, na nadhani uliliwaza hilo.

Sasa kaa chini.

Jana walinipigia saa tatu. Kabla ya hapo nilitoka nje, nikakuta karai la mama la kufulia limewekwa kwenye mlango wa ofisi, na ndani yake simu. Ewoi aliweka zake mbili. Watoto wa Margaret waliacha ya mama yao, naye akaenda kazini bila simu. Nikawaambia rauta imeshawafungia, hakuna haja. Ewoi akasema, "Rauta ni mashine. Hii ni sisi." Ephantus hakuleta yake, aliizima na kuifungia kwenye sanduku la duka. Siku nzima amekataa malipo ya simu, wateja wanatafuta sarafu mifukoni, yeye anawaambia mtandao ni mtandao na hataki lawama.

Nilipokea mama mmoja wa Norway ambaye sanduku lake lilikuwa Istanbul. Nilimsikia mpaka anavyopumua. Saa nne na nusu stima ikapotea. Nilisikia mtaa wote ukisema "aai" kwa pamoja, taa ya dukani ikafa. Betri ilishika kompyuta na rauta. Yule mama wa Norway hakujua kitu. Niliendelea kumwambia sanduku lake litafika Alhamisi, huku jasho linaniingia machoni.

Saa sita msimamizi akasema nimepita. Akauliza nimechukua kampuni gani ya laini, maana wengine walio huko huko Nairobi wameshindwa. Sikujua nianzie wapi, nikamwambia ni ya familia.

Nikafungua mlango. Habibo alikuwa amekaa kando ya karai, analinda simu. Akauliza, "Zamu yako imeisha?" Nikasema imeisha. Akasema, "Basi hii ni yangu," akapanda mapajani, na hakushuka mpaka adhana ya alasiri. Mguu wangu ulikufa ganzi, sikuuhamisha.

Karatasi ya mwenye nyumba nimeipasua. Vitu vyangu vinakuja na basi Ijumaa.

Jambo la mwisho. Nimeangalia ndani ya rauta. Kuna simu moja ambayo mzee wa zamu aliiachia mlango wazi saa zote, na mwezi mzima imekuwa ikiangalia mashindano ya ngamia ya Waarabu saa za kazi. Imeandikwa Boru. Ephantus, Ewoi na Margaret wamekaa wakatoa hukumu. Rudi na sukari.

Binti yako,
Qabale

*

Korbesa
6 Mei 2025

Kwa binti yangu Qabale,

Salaam aleikum. Watu wa huku ni wazima, ng'ombe wazima, mvua imenyesha na kila mtu anajifanya ni yeye aliyeiomba. Barua yako niliwasomea watu wa kisimani. Nilipofika pale stima ilipopotea, walisimamisha ndoo.

Hukumu nimeisikia. Wale ngamia nilikuwa ninawachunguza kwa ajili ya elimu, lakini najua sitaaminiwa. Nitaleta sukari, na Ephantus asiniuzie, maana atafurahi mara mbili.

Sikuja huku kwa ajili ya mbuzi. Mwezi wa pili nilikuona ukipanda lile basi bila kula, Habibo ameshika mkono wangu. Mzee anaweza kuona kitu kama hicho mara moja na akabaki na utani wake. Mara mbili, hapana. Nikasema kama ni kushindwa, nitashindwa nikiwa mahali ambapo habari huja polepole.

Lori linaondoka kesho, nami nimo ndani. Kwa hivyo hii ndiyo ya mwisho, usiijibu. Watu wa nyumba moja hawaandikiani barua. Ukiwa na neno la kuniambia, toka nje uniambie, halafu rudi haraka ndani, mama wa Norway asije akalia.

Aba yako,
Boru